Mgeni wa Saba

Jotham Sifuna alikutwa amekufa Jumamosi moja ya Agosti 2006, saa moja na dakika kumi asubuhi, katika nyumba ya kukodisha kwa siku mtaani Milimani, Kitale. Alikuwa sakafuni kati ya vitanda viwili, blanketi hadi kidevuni, jiko la makaa karibu na kichwa.

Saa mbili alifika Jelagat, afisa wa afya wa manispaa. Kibali alichokitia sahihi mwenyewe kilikuwa kimebandikwa nyuma ya mlango: wageni sita, wasizidi. Koplo Kipketer alikuwa tayari amemfunga pingu Phelista, mtunza nyumba.

"Mimi nafuata sheria, madam," alisema Mbugua, mwenye nyumba. "Wageni wa harusi kutoka Bungoma walikuwa sita. Huyu wa saba Phelista ndiye alimwingiza kisirisiri, akamwashia jiko. Moshi ukammaliza."

"Uongo, mzee! Saa moja jioni nilikuwa nimeenda kwangu!" Phelista alilia. "Nikifungwa, watoto wangu nimwachie nani?"

"Utamwambia hakimu," Kipketer alisema. "Kesi imeisha hii."

"Ngoja kwanza, koplo. Maiti hana haraka."

Jelagat alipiga magoti, akaliinua jiko. Kapeti ya plastiki chini yake ilikuwa laini, haina hata alama.

"Nani walilala humu?"

"Mimi na binamu yangu," alijibu Barasa, kaka wa marehemu.

"Mmeamka na kizunguzungu? Kichwa?"

"Hata. Mimi nililala mapema. Nilimwacha Jotham sebuleni na huyu mzee, anatafutiwa pa kulala. Asubuhi ndiyo nikamkanyaga hapa."

Jelagat alifunua blanketi. Soksi za marehemu zilikuwa na vumbi la kijivu, na kwenye sufi yake yamenasa makapi ya mahindi na fukusi mmoja, yule mdudu wa nafaka, mfu.

"Viatu vyake viko wapi?"

Barasa alichungulia chini ya vitanda. Havikuwepo.

"Mzee Mbugua, mahindi yako unaweka wapi?"

"Kwa stoo. Lakini ufunguo ulipotea."

"Si huo uko shingoni, bana?" Kipketer aliuliza.

Saa tatu kasorobo stoo ilifunguliwa. Harufu kama ya samaki aliyeoza iliwarudisha nyuma. Stoo haikuwa na dirisha. Katikati ya magunia palikuwa na godoro, na kando yake jozi ya viatu vilivyong'arishwa kwa harusi.

"Dawa ya fukusi uliweka lini?" Jelagat aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alhamisi."

"Tembe za dawa hiyo hutoa hewa inayoua, mzee. Ulimlaza humo. Ulipomkuta amekufa, ukambeba hadi chumbani wenzake wakiwa usingizini, ukaweka jiko lenye majivu. Jiko la moto lingeyeyusha kapeti. Na moshi ungewabagua vipi watatu, uchague mmoja?"

Mbugua alikaa juu ya kizingiti.

"Aprili uliwakuta kumi hapa, madam. Ukasema nikirudia, utafunga nyumba. Sikutaka kumfukuza kijana wa watu, na chumbani ungemkuta ukija kukagua. Sikujua dawa itamuua."

"Na Phelista?"

Kipketer alifungua pingu mikononi mwa Phelista, akamgeukia Mbugua.

"Alizidi mtu mmoja tu," Mbugua alinong'ona. "Mmoja tu, madam."

Barasa aliinama, akaokota vile viatu, akavipangusa kwa mkono wa shati lake.

"Huyo mmoja," alisema, "ndiye alikuwa bwana harusi."