Kielekezi Kilichong'ang'ania Aya ya Saba

Miaka ile kompyuta mpakato zilikwisha acha kuendeshwa kwa kidole. Juu ya kioo palikuwa na vijicho viwili, vidogo kama chembe za mchele, vilivyosoma mboni za mwandishi. Ukitazama neno, kielekezi, ile alama inayoonyesha herufi itaangukia wapi, kimekwisha fika. Watu wa Wete waliuita mtambo huo fuatajicho, na aliyeuzoea hakutaka tena kusikia habari za kipanya.

Ndiyo maana Fundi Haroub alishangaa alipoitwa Baraza la Malezi, linaloamua mtoto wa wazazi walioachana akae na nani, saa sita mchana, akamkuta Hakimu Salha Mbarouk amefura kwa hasira.

"Kimerogwa hichi," alisema hakimu. "Naandika huku chini, herufi zinatokea kule juu. Hebu tazama."

Akachapa "mama wa mtoto". Maneno mawili yakakaa mahali pake. La tatu likarukia katikati ya aya ya saba. Haroub, ambaye hitilafu ngeni ilimfurahisha kuliko chakula, akavuta kiti. Alipitisha kitambaa cheupe juu ya vijicho, kikatoka na rangi ya kahawia, kinanukia.

"Mheshimiwa, hii umeifukiza udi?"

"Siku ile ile iliyoletwa. Kitu kipya kiingie ofisini kwangu hivi hivi?"

"Basi umeipofua mwenyewe."

Akasafisha kwa spiriti, huku wote wawili wakicheka. Hakimu akaanza tena kuchapa. Kielekezi kilitulia kwa maneno manne, kisha kikaruka. Aya ya saba tena.

Hapo fundi akaacha kucheka. Utando wa moshi ungekifanya kiruke ovyo, lakini hiki kilirudi mahali pamoja. Akafungua kumbukumbu ya macho, orodha ambamo kompyuta huhifadhi kila mstari uliotazamwa. Tangu asubuhi hakimu alikuwa ameitazama aya ile mara mia mbili na kumi na moja.

"Kompyuta sasa ni nzima, Mheshimiwa. Inakufuata unapotazama."

Haroub hakukusudia kusoma, lakini aya ilikuwa mbele yake: mtoto akabidhiwe kwa baba yake, kwenye kituo cha Mwezini, na kila mwaka atarudi kumtembelea mama.

Hakimu akashusha pumzi. "Rasimu hii ya hukumu iliandikwa na mashine wiki iliyopita. Leo asubuhi ndipo ilipokuja ripoti ya daktari. Mtoto ana miaka mitatu. Mifupa ikikulia kule, ambako mwili ni mwepesi, huenda isiweze tena kusimama huku. Wazazi wake hawajui."

"Huenda?"

"Ndivyo alivyoandika. Na roketi inaondoka saa kumi, nyengine ni mwakani. Nikiahirisha kwa sababu ya huenda, nitaambiwa nimemnyima baba haki yake."

Haroub alikuna kidevu. "Naweza kuvifunga vijicho, utumie kidole kama zamani. Kielekezi hakitaruka tena."

"Na macho yangu?"

"Yatakwenda kule kule. Kompyuta tu ndiyo haitajua." Aliona haya kulisema hilo, maana kukituliza kielekezi tu ndiyo kazi aliyoitiwa.

Hakimu alivitazama vijicho. "Viache," akasema. Akaifuta aya ya saba yote, akaamuru wazazi waitwe.

Time, mama wa mtoto, aliingia kutoka kibarazani nje na kibegi cha safari cha mwanawe mkononi. Nassor, baba, akatokea kwenye kioo cha ukutani akiwa Mwezini. Hakimu aliwasomea ripoti neno kwa neno, na huenda yake. Time alishika ukingo wa meza, akakiweka kibegi chini. Haroub, aliyepaswa kuwa ameshaondoka, alisimama pembeni na kitambaa chake.

Neno likitoka Wete, jibu la Mwezini huchukua sekunde mbili na nusu kufika. Walisubiri tatu. Walisubiri kumi. Nassor alikuwa amewapa mgongo, na mbele yake kilionekana kitanda kidogo alichokiunda kwa mabomba, kimetandikwa.

"Mwacheni hapo hapo na mamake," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Mimi mifupa yangu ilikulia Wete. Nitashuka mimi."