Nipime Upya, Fundi

Tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jioni. Fundi hakuhitaji kuiandika mahali. Hadi dakika ile alikuwa mtu mwenye siri moja na usingizi wa taabu. Baada yake, siri ilikwisha. Usingizi nao ukaenda zake.

Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida tu. Kesho yake ilikuwa siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na kila mwaka yeye alitengeneza stendi za mbao za kuwekea mashada ya maua, moja kwa kila jiwe la kaburi. Mawe thelathini na mawili, safu nne, yote meupe, yote saizi moja. Hakuchukua hata senti. "Mungu atakulipa, Fundi," watu walimwambia. Naye aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Kumbe neno hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

Alibakiza stendi mbili. Alichovya brashi kwenye kopo la rangi nyeupe. Nje, watoto waliokuwa wakicheza mpira wakanyamaza wote kwa pamoja, kama waliozibwa midomo.

Ndipo akasikia harufu...

Haikuwa ya mbao wala ya rangi. Ilikuwa ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa, usiowahi kuona jua.

"Hodi, fundi."

Mlangoni alisimama kijana mfupi, mwenye mabega mapana, amevaa sare za jeshi. Kofia ilikuwa imeshuka hadi kwenye nyusi. Mwanga ulikuwa nyuma yake, uso hauonekani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimeshafunga, baba. Pita keshokutwa."

"Sitakuchelewesha. Nataka unipime tu."

"Nikupimie nini? Kitanda?"

"Sanduku."

Fundi akacheka. "Kijana mzima na pumzi zako, una haraka gani? Wateja wa bidhaa hiyo huwa hawaji wenyewe."

Kijana hakucheka.

"Lile ulilonipa ni kubwa," alisema taratibu. "Miguuni kuna nafasi. Nateleza. Nipime upya, fundi."

Fundi akatazama chini. Viatu vya kijana vilikuwa vimegandwa na maranda ya mbao. Karakana nzima ilikuwa na maranda, lakini yake yalikuwa makavu na ya njano.

Haya yalikuwa meusi, yameoza, yanatoa maji.

Brashi ikamponyoka.

Ili ueleweke woga wake, ni lazima yasemwe yaliyotokea miaka saba nyuma. Vita vilipopamba moto, jeshi lilimpa Fundi kazi ya kutengeneza masanduku. Siku moja lori lilileta karatasi mbili za vifo na maiti moja. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mpwa wake, mtoto pekee wa dada yake. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mtaa mzima ukimwita Ngazi. Ya pili ilikuwa ya rafiki yake Ngazi, mtoto wa Mkunga, ambaye kwa ufupi wake na hasira za haraka aliitwa Kibiriti. Walijiunga siku moja, wakapigwa na bomu moja. Kilichopatikana ni mwili mmoja, usio na uso, pamoja na koti moja refu la Ngazi.

"Tenda utakavyoona, mzee," dereva wa lori alimwambia bila kumtazama. "Masanduku hayafunguliwi."

Fundi hakuhitaji uso. Mkono wake ulishapima watu maisha yake yote. Mwili ule ulikuwa futi tano na inchi tatu. Ngazi alikuwa futi sita na mbili.

Alijua. Na akijua hivyo hivyo, aliuweka mwili katika sanduku la Ngazi. Miguuni akajaza maranda ili usitembee ndani. Katika sanduku la Kibiriti alitia mchanga, kilo sitini, na juu yake akalikunja lile koti refu, maana lilikuwa ushahidi. Akapiga misumari. Dada yake apate wa kumlilia. Mkunga alilie mchanga. Tarumbeta ikalia, kila mama akapewa bendera iliyokunjwa, watu wakatoa heshima.

Sasa alisimama mbele ya kijana yule, tepu mkononi, na mikono yake ikafanya kazi bila kumuuliza. Kisiginoni. Utosini. Baridi ilipanda kutoka kwenye ile sare, ikamfika hadi kwenye meno.

Futi tano. Inchi tatu.

"Ulijua," kijana alinong'ona.

"Nilijua."

"Kamwambie mama. Mimi kule siwezi kuingia. Kila mwaka kuna mtu hukaa kwenye kiti changu."

Fundi alipopata nguvu ya kuinua macho, mlango ulikuwa mtupu. Watoto walikuwa wakigombania goli. Sakafuni yalibaki maranda meusi, mahali pa nyayo mbili.

Alikwenda kwanza kwa dada yake, hatua chache tu. Alimkuta akipiga pasi gauni jeusi la kesho. Bendera ilikuwa mezani, bado katika pembe tatu zake, haijawahi kukunjuliwa tangu alipoipokea.

"Umekuwa mweupe kama unga, mdogo wangu. Unaumwa nini?"

Akamweleza. Yote. Dada yake hakupiga kelele. Aliendelea kupiga pasi pale pale, pale pale, hadi kitambaa kikaanza kutoa moshi.

"Dada, gauni..."

"Liache liungue." Akaichomoa pasi ukutani. "Miaka saba naosha jiwe la mtoto wa mwenzangu. Naye akipita ananipa pole! Ananipa pole, wewe!"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma yako ulipaswa kumwomba Mungu akufundishe kuitumia. Vaa viatu. Twende kwa Mkunga, na utasema kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Mkunga aliishi mtaa wa pili, nyumba ya chumba na sebule. Aliwafungulia akiwa na fagio mkononi. Alimsikiliza Fundi akiwa amesimama, kama alivyozoea kuwasikiliza wanawake wenye uchungu: bila kumkatiza, macho tumboni. Fundi alipiga magoti. Alipolitaja lile koti, Mkunga aliliegemeza fagio ukutani.

"Lina mikono mirefu?" aliuliza Mkunga.

"Ndiyo, mama."

"Na kifungo cha juu hakipo?"

Fundi akamwangalia dada yake. Dada yake akashika ukuta. Kifungo kile alikuwa amekikata yeye, asubuhi ya kuagana, akibaki nacho kama ukumbusho.

"Basi mgeni wangu ni wako," Mkunga alimwambia. "Kila mwaka, jioni kama hii, anakuja kijana mrefu. Lazima ainame mlangoni. Hasemi, na kofia humfunika uso. Anakaa kwenye kiti cha Kibiriti, nampa maji. Nilimdhania ni askari aliyeharibiwa akili na vita, hajui kwao. Akiondoka..."

"Akiondoka nini?"

"Nafagia mchanga. Unamwagika kutoka kwenye mikono ya koti."

"Mwaka huu ameshakuja?" dada yake Fundi aliuliza, kwa sauti ndogo ya mtoto.

"Bado."

Dada yake akaenda, akakaa chini sakafuni, uso kwa uso na kile kiti kitupu. Mkunga akajaza maji kwenye kikombe. Giza lilikuwa limeanza kuingia sebuleni.

Nje, mtu alikuja kwa hatua ndefu, zenye nafasi kubwa kati yake...

Fundi alifumba macho. Hilo ndilo aliloweza. Alisikia mlango, akasikia kiti kikilia kwa uzito. Akamsikia dada yake akisema, "Mwanangu, umechoka." Kisha mchanga, ukidondoka kidogo kidogo juu ya saruji, muda mrefu sana.

Aliyoyaona dada yake hajayasema mpaka leo.

Kesho yake tarumbeta ilipolia, na kila mama akapaswa kuweka mkono juu ya jiwe lake, wanawake wawili walivuka safu mbele ya wakubwa na wageni, wakapishana katikati, wakashikana mikono, kila mmoja akaenda kusimama kwenye jiwe la mwenzake. Watu walinong'onezana. Afisa aliyeshika orodha alikohoa. Fundi alisimama nyuma kabisa, na dada yake alipopita karibu naye wakati wa kutoka, hakumsalimu. Hamsalimu hadi sasa.

Yeye anatengeneza stendi kama zamani. Ila jioni ya tarehe kumi na tisa hafungi mlango. Husubiri na tepu mkononi. Hajui kama aliyekuja ameridhika, wala kama yule mwingine, ambaye mwili wake haukupatikana, atapumzika lini, maana chini ya jiwe analosimamia mama yake sasa bado ni mchanga na koti tu.

Ee Mola, wapokee vijana wetu wawili, mrefu na mfupi. Wape mahali panapowatosha. Walaze pema, na wasilazimike tena kurudi kwetu kuomba haki yao. Nasi tuliowazika vibaya, utusamehe. Amina.