Mzinga wa Lusu

Peugeot 404 nyeupe ilipita kijiji cha Puge kama imeibwa, ikatimua vumbi jekundu, ikapotea ndani yake.

Sikuzani Mabruki hakuhitaji kuiona. Alilifuata vumbi.

"Kimbia, mwanaharamu," alisema, meno yameumana. "Kimbia tu. Njia hii babu yangu aliipita kwa miguu, na mzigo wa Mwarabu begani. Wewe utanifundisha mashimo yake?"

Alikanyaga mafuta. Land Rover ikanguruma, ikaruka, ikatua. Redio iliyofungwa chini ya dashibodi ikakoroma.

"Sindano, Sindano. Hapa Cherehani. Ova."

"Hapa Sindano. Ninaye mbele yangu. Ova."

"Mtu huyo asifike Lusu. Mzinga usifike Lusu. Umenielewa? Ova."

"Nimekuelewa toka asubuhi, mzee. Ova."

Cherehani alikuwa Mzee Anton, mkuu wake wa kazi, aliyekaa ofisini Tabora na kahawa yake. Mtu mwema, lakini kila agizo lazima alirudie mpaka likukere.

Na aliyekuwa mbele ndani ya Peugeot alikuwa Duarte, Mreno, mamluki. Ilikuwa Agosti 1973. Kusini, ng'ambo ya Ruvuma, vita vilikuwa vimewaka, na waliomtuma Duarte walitaka Tanzania iungue kwa ndani ili isahau kuwasaidia jirani zake. Aliingia nchini kama mnunuzi wa nta. Juzi simu yake ilinaswa. Mtu asiyejulikana, Mswahili kabisa, alimwambia hivi:

"Mzinga uko tayari. Utalia Lusu, Mheshimiwa akisimama kuhutubia."

Wakubwa wa Dar es Salaam waliposikia mzinga hawakuuliza mara mbili. Silaha nzito hiyo, walisema. Ya kurusha makombora kutoka mbali. Itafuteni.

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa Eustace Mahona, mbunge wa vijiji vya huko, mtu wa mila hasa. Watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa, wengine kwa hiari na wengine kwa kuvutwa mashati, na yeye alipinga haraka hiyo wazi wazi, Bungeni na barazani. Sasa fikiria mtu kama huyo auawe mchana kweupe mbele ya watu wake. Nani angelaumiwa? Serikali. Vijiji vingeshika mapanga kabla maiti haijaoshwa.

Sikuzani alilijua hilo. Ndiyo maana jana yake alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mahona kumwonya. Mbunge alimtazama suruali yake, akamtazama viatu vyake, akamgeukia mpwa wake Sylvester, ambaye ndiye katibu wake.

"Serikali imeishiwa wanaume?"

Sylvester alicheka. Sikuzani hakucheka. Alitoka pale moyo unamwaka, na usiku mzima hasira hazikumshuka.

Peugeot ikaonekana tena. Imepunguza mwendo kwenye mchanga.

Sikuzani alitoa mkono wa kulia dirishani. Bastola yake, Tokarev, ikabweka. Ikabweka tena. Gurudumu la nyuma likapasuka, gari likayumba huku na huku, likaingia mtaroni na kulala upande.

Duarte alitoka kwa mlango wa juu, mikono kichwani. Suti ya kaki, miwani ya Ray-Ban, tabasamu.

"Dada, mimi mfanyabiashara."

"Mimi siyo dada yako. Lala chini."

Alimfunga pingu, akampekua, akamtoa bastola ndogo ya Beretta iliyofichwa kwenye soksi. Kisha akalipekua gari. Nta. Madumu ya asali. Tochi. Nta tena. Alitoboa kila dumu kwa kisu mpaka mikono ikanata. Hapakuwa na mtutu wala kombora.

"Cherehani, hakuna mzinga. Ova."

"Lazima upo. Dar wanasema upo. Ova."

"Basi Dar waje wautafute wao. Ova."

Duarte alikuwa akiitazama saa yake, Omega ya dhahabu, mikono ikiwa mgongoni, shingo imepinda kama kuku anayechinjwa. Akatabasamu tena. Tabasamu hilo lilimtia Sikuzani baridi. Alimkamata ukosi, akamtupa ndani ya Land Rover, akaondoka mbio kuelekea Lusu.

Mkutano ulikuwa umefurika. Wakulima, wafugaji, akina mama na watoto mgongoni. Jukwaa la mbao lilijengwa kando ya kisima kilichochimbwa kwa sherehe mwaka uliopita na ambacho hakikutoa maji hata ya kunawia uso. Hatua chache tu kutoka jukwaani, Sikuzani akasimamisha gari ubavuni mwa kisima.

"Hapana," Duarte akasema. "Gari weka mbali."

"Kwa nini?"

"Jua. Jua kali hapa."

Sikuzani alimtazama. Mreno alikuwa anatoka jasho mpaka miwani inateleza puani. Tangu Puge hakutoka jasho.

Kumbe anaogopa, aliwaza. Anaogopa nini hapa?

Jukwaani, Mheshimiwa Mahona alisimama. Makofi yakalipuka. Alivaa koti zito na jua lile, kofia ya manyoya mkononi, sauti nene kwenye kipaza sauti.

"Wazee, shikamooni! Mama zangu, mwangaluka!"

"Mwangaluka!"

"Nakwenda Bungeni na mambo matatu. Nikirudi bila hayo, msinipe hata maji. Tena maji yenyewe hamna!" Alikionyesha kisima kikavu kwa kidole. Watu wakaangua kicheko. "Jambo la kwanza, ndugu zangu, ni sheria ya mizinga!"

"Mizingaaa!" umati uliitikia.

"Mtu asihamishwe akaachishwa msitu wake! Mizinga yetu iko kwenye miti ya miombo, siyo barabarani! Nyuki hajui Ujamaa wa kupangwa mistari! Mizinga yetu—"

"Ibaki!"

"Mizinga yetu—"

"Ibaki!"

Sikuzani akalirudia neno hilo polepole.

Mizinga.

Lo! Mtoto wa Tabora, aliyekunywa uji kwa asali kabla hajaota meno, halafu anaambiwa mzinga na watu wa Dar, naye anakwenda kutafuta bunduki kubwa! Alijitukana kwa maneno ambayo mama yake hakumfundisha.

Macho yake yakaruka jukwaani. Mbele ya miguu ya Mahona, juu ya mkeka mpya, uliwekwa mzinga wa gome, mnene, umefungwa utepe wa kijani. Zawadi kwa Mheshimiwa. Umepakwa asali mpaka unang'aa, tena kwenye jua kama lile, na hapakuwa na nyuki hata mmoja. Hata nzi alikuwa ameususia. Asali gani hiyo, kama si ya kufunika harufu ya baruti?

Na Sylvester, mpwa, katibu, mcheshi wa jana, alikuwa anateremka ngazi za jukwaa taratibu. Hakumtazama mjomba wake.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Sikuzani aliruka kutoka garini.

"Ondokeni! Mheshimiwa, shuka! Zawadi hiyo ni bomu!"

Watu waligeuka. Hakuna aliyeondoka. Mwanamke mwenye suruali anayepiga kelele mkutanoni, wengine walidhani ni mgonjwa. Alipanda ngazi mbili mbili. Mahona akamzuia kwa mkono uliotandazwa.

"Wewe tena? Huna adabu? Jukwaa la wazee hili!"

"Nani kakuletea mzinga huu?"

"Mwanangu Sylvester. Kaleta mtu mwenye heshima, siyo—"

"Mbona yeye anakimbia?"

Mahona aligeuza shingo. Sylvester alikuwa ameshaacha kutembea taratibu. Alipoona macho ya mjomba wake yamemwangukia, mkono wake ukaingia ndani ya koti, ukatoka na bastola.

Sikuzani alimsukuma mbunge kifuani kwa mikono yote miwili. Mzee alianguka chali, kofia ikaruka, risasi ikatoboa kiti alichokuwa amesimama mbele yake. Tokarev ikajibu mara moja tu. Sylvester alishika bega, akapiga magoti, na akina mama waliokuwa karibu hawakusubiri polisi. Walimkalia.

Sikuzani alitega sikio kwenye gome.

Tik. Tik. Tik.

"Mungu wangu," alinong'ona.

Aliurarua utepe, akauinamia mzinga, akaukumbatia. Ulikuwa mzito kuliko mtu mzima. Uti wa mgongo ulimlilia. Asali ikamteleza kifuani, mzinga ukateleza nao. Asingefika mbali na mzigo huo. Basi akauviringisha. Ukaporomoka ngazini, ukagonga ardhi. Watu sasa walielewa. Walitawanyika wakipiga mayowe, viatu vikibaki. Ndani ya Land Rover Duarte alikuwa akilia kwa Kireno. Sikuzani aliusukuma mzinga kwa mabega, kwa magoti, kwa laana, mpaka ukingo wa kisima.

Akausukuma mara ya mwisho, akajitupa chini ya gari.

Ardhi iliruka. Kisima kilitapika mchanga, mawe na moshi mweusi juu ya jukwaa, juu ya miti, juu ya kila mtu. Halafu ukimya, na mtoto mmoja akaanza kulia.

Hakuna aliyekufa.

Mahona aliketi jukwaani, mweupe kwa vumbi. Alimtazama mpwa wake aliyekaliwa na wanawake, akatazama pembeni upesi. Kisha akateremka, akamfuata Sikuzani aliyekuwa akijifuta asali kwa khanga aliyopewa na mama mmoja.

"Binti," alisema, sauti imekauka. "Baba yako ni nani? Nataka nimpelekee ng'ombe wa shukrani."

"Usimsumbue. Ni fundi bati, Kanyenye, pale Tabora. Siku niliyokwenda mafunzoni alinifungia mlango. Nilitokea dirishani."

Mzee alijipangusa vumbi kwenye koti.

"Jambo lako la tatu nalijua," Sikuzani akaendelea. Hakupaza sauti, lakini kila neno lilikuwa na miba. "Nimelisoma gazetini. Sheria ya kumzuia msichana kutoka kijijini mpaka baba atoe ruhusa. Sivyo? Basi kwa sheria yako, Mheshimiwa, leo ningekuwa Kanyenye napepeta mchele. Na wewe wangekuwa wanakuokota juu ya miti."

"Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mzima?"

"Shikamoo."

"Marahaba," akaitika mbunge, kwa kuwa mdomo wake haukujua jibu lingine.

Sikuzani akampa mgongo. Aliingia garini, akawasha. Nyuma yake kipaza sauti kilikohoa, kikapata uhai. Mzee alikuwa amepanda tena jukwaani, mbishi yule, vumbi na vyote.

"Ndugu zangu, tunaendelea! La kwanza, mizinga. La pili, mtu asihamishwe mpaka maji yatangulie. Maji, siyo shimo!"

Makofi.

"Na jambo la tatu..."

Kipaza sauti kikanyamaza. Kikanyamaza sana. Wanawake waliomkalia Sylvester waliinua nyuso zao, wakamtazama, wakasubiri.

"La tatu," sauti nene ikasema, "limenitoka."

Mmoja alianza kigelegele, kisha wote.

Sikuzani hakugeuka. Alitia gia. Redio ikakoroma.

"Sindano! Sindano! Tumesikia mlipuko! Ova!"

"Mzinga umelia, mzee. Kisimani. Nina Mreno mmoja mzima na mpwa mmoja mwenye tundu begani. Leteni gari la kumchukua. Ova."

"Na Mheshimiwa? Ova."

"Yuko hai. Ila kuna jambo amelisahau. Ova."

"Amelisahau? Ameumia kichwa? Ova!"

Sikuzani alichukua miwani ya Duarte, akaifuta, akaivaa.

"Hapana, mzee. Naona ndiyo anaanza kupona. Ova na auti."