Kijani Kilichogoma Kufifia

Jamani, mapenzi yao yalianza kwa aiskrimu! Stendi ya Kilwa Kivinje, Ismael muuza vocha kaliona boksi la barafu begani kwa Ziada, kalikimbilia.

"Dada'angu, nipe ya ubuyu."

"Humu mna damu, kaka."

Mwanaume mzima akaruka nyuma! Ziada, na gauni lake la kitenge cha njano, akacheka hadi machozi.

"Basi chukua na yangu, mrembo."

Utani ukawa kweli. Maabara ya utafiti alikofanya kazi Ziada, Lindi mjini, ilitafuta watu wenye afya wa kulinganishia na wagonjwa. Ismael akajitolea damu, na moyo pia.

Mwezi haujaisha, Ziada yuko chumba cha giza, jicho kwenye hadubini, mgongo umelowa jasho. Kazi yenyewe hivi: chembe nyeupe, askari wa mwili, unazipaka rangi inayong'aa kijani. Unazitia dawa ya kuzichokoza, unasubiri siku tano. Zikiwa na nguvu zinagawanyika, na kila zikigawanyika rangi inapungua nusu. Kufifia ndiyo uzima.

Za wengine zimefifia. Za Ismael? Kijani kinawaka kama siku ya kwanza!

Maria, dada yake Ziada, alikwisha hivihivi, askari wamelala, mwili ukabaki mifupa. Ziada akashika meza.

Simu ikabipu, Ismael huyo. Hakupiga. Siku tatu, hakupiga. Ya nne Ismael huyo mlangoni pa maabara, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi.

"Umepata bwana, sema tu!"

"Naogopa, mpenzi."

"Unaogopa nini?"

"Kukuzika."

Akamweleza. Ismael akakaa chini palepale, midomo mikavu.

"Una hakika dawa uliitia?"

"Naitia, naweka alama kwenye kifuniko. Kila chupa..."

Akakumbuka. Siku ile alipofika kwenye chupa ya Ismael, simu ilibipu. Alitoka kumpigia huyuhuyu! Akakimbilia ndani. Kifuniko cha Ismael kitupu, hakina alama. Dawa hakuitia!

"Nitoe damu nyingine," Ismael akasema, anakunja mkono wa shati.

Siku tano hawakulala. Ya sita Ziada akainama kwenye hadubini, macho kayafumba. Akahesabu tatu. Akafumbua.

Hakubipu. Alipiga.

"Ismael..."

"Niambie haraka, nakufa huku!"

"Zimefifia, baba. Zimefifia zote!"

 Kilio cha mwanaume kikasikika, katikati ya stendi.

"Ziada, Jumamosi naleta wazee kwenu."

"Walete. Ila nikiwa kazini, usinibipu!"