Jiwe la Repo ya Nne

"Hauendi!"

"Ninaenda, Mama."

"Nimesema hauendi! Weye uko unasikia na masikio ao na magoti?"

Mama alikuwa ameshika bote yangu ya kushoto, buti la kupandia mlima. Mimi nilikuwa nimeikumbatia ya kulia. Tulikuwa tumesimama hivyo tangu jua liliposhuka, na maharagwe kwenye mbabula, jiko letu la makaa, yalikuwa yameanza kunuka kuungua. Mdogo wangu Charline, wa miaka tisa, alikaa juu ya bidoni la maji akituangalia kama mtu anayetazama mpira.

"Watu wa Butembo wanafika Siku ya Posho," nilisema. Hiyo ni Jumamosi, siku tuliyopanga kumzika baba yangu. "Baba mukubwa atauliza, kaburi ya ndugu yangu iko wapi? Utamuonesha nini?"

"Nitaweka koti yake mu sanduku. Padri alikubali."

"Koti haiko mutu. Miye nitaleta jiwe yake."

"Na jiwe iko mutu?"

Sikuiachilia bote.

Baba yangu, Josias, tuliyemwita Papa, alikuwa mpagazi. Kwa miaka kumi na minane alibeba mizigo ya watalii mpaka juu ya mlima wa volkano, Nyiragongo. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari vita vilipojaza shule yetu wakimbizi, watu wakalala juu ya madawati na masomo yakasimama. Papa hakutaka nikae bure nyumbani. Ingawa mimi ni msichana, akanipa kazi ya kubeba makala, yaani makaa, na sufuria za kupikia huko kileleni.

Kwa miaka miwili nilipanda naye katika kila msimu. Mwezi wa saba mlima ni mkavu, vumbi jeusi linaingia mpaka kwenye meno, na ukiwa juu unaona ziwa lote na mji wetu wa Goma kama mkeka uliotandikwa. Mwezi wa tisa mvua inarudi na msitu wa chini unakuwa matope matupu. Mwezi wa kwanza kuna siku chache za jua, maua madogo yanatoka katikati ya mawe. Halafu mwezi wa tatu na wa nne... hiyo ndiyo miezi mibaya. Ukungu unashuka bila kuaga. Mvua ya mawe inapiga. Watu wamekufa kwa baridi pale, hatua mia moja tu kutoka kwenye vibanda.

Kwa sababu hiyo wapagazi wa timu yetu walikuwa na namna yao ya kuhesabiana. Kila mmoja anaokota jiwe lake huku chini, Kibati, na kupanda nalo. Mahali pa kupumzikia tunapaita repo, na repo ziko nne. Kwenye ile ya nne, ya mwisho kabla ya kilele, kuna mwamba mkubwa. Nyuma yake, pasipofika upepo, kila mmoja anapanga jiwe lake kwenye mstari. Wakati wa kushuka, kila mmoja anachukua lake. Wa mwisho anaangalia. Jiwe likibaki, mtu amebaki, na hakuna anayerudi nyumbani.

Sheria ilikuwa moja tu. Huchukui jiwe la mwenzako. Hata akiwa ndugu yako, hata akikutuma. Ukilichukua, watu watasema fulani ameshuka, kumbe anaganda kwenye ukungu huko juu.

Mwaka jana, mwezi wa nne, jiwe la Papa lilibaki.

Siku hiyo nilikuwa kitandani na malaria. Walimtafuta siku nne. Walipata fimbo yake, basi. Kisha vita vikasogea zaidi, watalii wakakoma kuja, na hakuna mtu aliyepanda tena. Jiwe lilikaa peke yake huko. Kila mvua ilipopiga mabati yetu hapa mtaani Mapendo, niliwaza: sasa linalowa.

"Muzee Ndagijimana alikataza," Mama alisema. Huyo ndiye alikuwa mkubwa wa wapagazi. "Jiwe ya mwenye alibakia haiguswe."

"Ju ya nini?"

"Hakusema ju ya nini."

"Basi hajui."

Mama aliitazama bote mkononi mwake. Halafu akaiweka chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Urudi mbele ya giza," akasema. Akaenda kukoroga maharagwe yaliyokuwa yameshaungua.

*

Nilianza kupanda alfajiri, peke yangu, na begi jekundu mgongoni.

Sikujua mlima una kimya kiasi kile. Siku zote tulipanda na kelele. Wapagazi wanatukanana, wanacheka, wanaomba tumbaku. Papa alikuwa ananipigia kelele kutoka mbele: "Kasoki! Weye njo unabeba sufuria ao sufuria njo inakubeba?" Sasa nilisikia pumzi yangu tu. Kwenye msitu, maji yalidondoka kutoka jani hadi jani. Hakuna ndege. Baada ya repo ya pili mawe ya volkano yaliteleza chini ya miguu yangu na kulia kama sahani. Kwenye repo ya tatu, mvuke ulikuwa unatoka kwenye nyufa za ardhi kama zamani. Nikaota mikono yangu pale. Zamani tulikuwa tunasukumana kupata nafasi.

Saa tano nilifika repo ya nne.

Lilikuwepo. Jiwe jekundu lenye tundu katikati. Papa alichagua daima jiwe lenye tundu, ili apitishe kamba na kulifunga kwenye mkanda. Majani madogo ya kijani yalikuwa yamelizunguka. Mwamba ulikuwa umelowa. Udongo ulikuwa umelowa. Nikaligusa.

Lilikuwa kavu.

Nililia kidogo. Halafu nikafanya kitu bila kukifikiria, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea. Nilitoa mfukoni jiwe langu, jeusi, bapa kama sabuni, nililookota Kibati asubuhi. Nikaliweka kando ya la Papa. Mawe mawili kwenye mstari. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, sikujisikia peke yangu.

Ningechukua la Papa na kugeuka pale pale. Lakini kilele kilikuwa karibu, na nilitaka kumwambia siku ya mazishi yake.

Huko juu vibanda vilikuwa vitupu. Mlango mmoja wa bati ulipigapiga na upepo. Pah... pah... pah. Shimo la volkano lilikuwa limejaa wingu mpaka ukingoni, na harufu ya baruti na mayai yaliyooza ilinikaba koo. Nikasimama kwenye ukingo.

"Papa," nikasema. "Siku ya Posho tunakuzika. Ushuke."

Upepo ukaacha.

Kisha nikasikia mtu akikohoa. Mara tatu. Hivyo ndivyo Papa alivyokohoa kila asubuhi kwa moshi wa makala, kabla ya kusema neno la kwanza.

"Papa?"

Mlango wa bati ukanyamaza. Si kwa kufungwa. Ulinyamaza ukiwa wazi nusu, kana kwamba mtu ameushika kwa mkono.

Nilikimbia.

Ukungu ulikuwa umeshafunika njia. Nilipofika repo ya nne, mvua ya mawe ikaanza, ikanipiga kichwani na mabegani. Sikuona hata vidole vyangu. Nikaingiza mkono nyuma ya mwamba, nikashika nilichoshika, nikatupa kwenye begi, nikaendelea kushuka.

Nyuma yangu mawe yalilia kama sahani.

Nikasimama. Hatua zile hazikusimama nami. Zilipiga moja zaidi. Ndipo zikasimama.

"Ni weye?" nikanong'ona.

Harufu ya koti la sufu lililolowa... karibu sana. Na sauti ndogo, kama pumzi tu kwenye sikio:

"Usisimame."

Haikuwa sauti ya Papa. Wala sikuweza kusema si yake. Nilikimbia mpaka msituni, na sikumbuki nilipitaje repo ya pili.

Huko chini, Kibati, kijana mmoja alikuwa anapakia magunia ya makala kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Nikamsalimia. Hakujibu. Nikasema moyoni, amechoka. Mama mmoja muuza ndizi naye hakujibu. Nikatembea barabara yote hadi mjini, na watu walipishana nami kama maji yanavyopishana na jiwe.

Nilifika nyumbani giza likianza kuingia. Mama aliruka kutoka kwenye kiti.

"Uliipata?"

Nikafungua begi juu ya meza. Jiwe jekundu lenye tundu. Mama akalifunika kwa mikono yote miwili na kuinamisha kichwa. Charline akalia kwa sababu Mama alilia.

Halafu Mama akainua macho.

"Na ya kwako?"

Nikaingiza mkono ndani ya begi mpaka chini. Nikalikung'uta. Likatoka vumbi jeusi tu.

"Nimeisahau kule. Mvua ya mawe ilikuwa inanipiga, Mama, nilishika ile moja tu na..."

Mama alikuwa mke wa mpagazi miaka kumi na minane. Hakuhitaji kufundishwa kuhesabu. Josias ameshuka. Kasoki amebaki.

Akanyoosha mkono kunipima kwenye paji la uso, kwa mgongo wa kiganja, kama siku zile za malaria. Akaurudisha taratibu.

"Ulipigwa na mvua?"

"Kabisa."

Akagusa mkono wa koti langu. Akagusa nywele zangu.

"Uko mukavu," akasema. Akapangusa kiganja chake kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

*

Hiyo ilikuwa Siku ya Kwanza, Jumatatu. Siku ya Pili nilitaka kurudi kuchukua jiwe langu, lakini askari walikuwa wamefunga njia ya Kibati na hawakusema itafunguliwa lini. Niliwaomba. Walizungumza wao kwa wao kana kwamba sipo.

Nikaenda kwa Muzee Ndagijimana. Alikuwa amekaa nje anashona kiatu. Yeye alinitazama usoni vizuri, wa kwanza nje ya nyumba yetu tangu nishuke.

"Uliweka jiwe yako kule?"

"Niliweka, Muzee."

"Uliichukua?"

"Hapana."

Sindano ikabaki hewani. Nikampa mkono. Alikuwa mzee wa heshima, alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, lakini mikono yake alibaki nayo kwenye kiatu.

"Siwezi kukupa mukono, mutoto yangu," akasema kwa upole. "Unisamehe sana."

Charline amehamisha godoro lake kwenda chumba cha Mama. Mama ananiwekea sahani kila jioni, lakini haniambii kula. Ninakula. Sijui kama ugali wa fufu una moto au umepoa, kama mboga ya sombe ina chumvi au haina. Ninafagia, ninachota maji, ninaimba nyimbo za kwaya tulizoimba kanisani. Najua jina la mwalimu wangu wa Kifaransa. Najua kovu la mguu wangu lilitoka wapi. Ninajua kwamba mimi ni Kasoki, binti wa Josias na Katungu. Kila kitu nakikumbuka sawasawa, mpaka repo ya nne.

Kutoka pale kushuka, ninakumbuka zile hatua nyuma yangu. Ninakumbuka nikikimbia.

Lakini kuna wakati, nikifumba macho, ninaikumbuka njia ile kwa namna nyingine. Ninakumbuka ukungu, na mbele yangu, hatua kumi hivi, msichana mwenye begi jekundu anakimbia. Anajikwaa. Anaanguka karibu na mwamba, na hainuki. Na mimi ninamwinamia, ninachukua begi.

Sijamwambia Mama.

Leo ni Siku ya Tano, Ijumaa. Baba mkubwa alipiga simu akiwa njiani, akasema watafika kesho kabla ya saa sita. Jioni hii sanduku lilikuwa juu ya meza, dogo, la mbao nyeupe. Ndani yake koti limekunjwa, na jiwe jekundu juu ya koti. Tulikaa watatu, mimi upande mmoja, wao wawili upande wa pili. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa na furaha kidogo, kweli. Nilikuwa nimefanya nilichoahidi.

Mtu akakwangua matope ya bote kwenye kizingiti.

Halafu mtu mwingine naye akakwangua zake.

Charline akainuka. Mama akamdaka mkono, akamkalisha tena. Hakuangalia mlango. Aliniangalia mimi.

"Weye," akaniuliza polepole, kama unavyomuuliza mgeni. "Jina yako nani?"

"Kasoki, Mama. Ni miye Kasoki."

Taa ikacheza. Nje walisimama tu, wakihema kama watu waliotembea mbali sana. Ndipo sauti ikaja kupitia mbao za mlango, ya msichana aliyechoka, aliyelowa, anayetetemeka kwa baridi. Ilikuwa sauti yangu.

"Mama, fungua. Ni miye, Kasoki. Niko na Papa."