Kipande cha Katikati

Siku duka la vitambaa linapopunguza bei, watu wazima husahau adabu zote walizofunzwa kwao. Huyu anavuta jora huku, yule kule, na muuzaji yupo katikati yao anapiga kelele na mkasi mkononi. Ndani ya vurugu hiyo, mbele ya meza ya kukatia, alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli la kijivu lililopigwa pasi likanyooka, amekumbatia mfuko wa nguo kifuani.

"Samahani," aliuliza, "mnauza ile sponji ya kuweka katikati ya shuka?"

Wanawake waliangua kicheko. Kijana akainamisha macho, masikio yamemwiva.

Aliyekuwa nyuma yake hakucheka. Mtaani walimwita Fundi Sare, kwa kuwa mwaka wa saba sasa alikuwa akishona sare za shule, na kwa mikunjo ya sketi hakuwa na mpinzani. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, limemkaa kiunoni sawasawa, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua.

"Unatafuta pamba ya mfarishi," alimwambia. "Ukiweka sponji utakuwa umejifunika godoro."

"Ahsante, dada. Kumbe unayajua mambo haya."

Angesema tu kwamba anaijua pamba, hadithi ingeishia pale mezani na kila mtu angekwenda kwake. Lakini kijana alikuwa na macho ya upole, na sauti yake ilikuwa nzuri hata akiuliza upuuzi. Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na nguo za mama yake, aliyefariki mwaka uliopita. Baba yake alitaka zikatwe vipande, ziunganishwe, ziwe mfarishi wa kujifunika. Akamwonyesha picha kwenye simu: mfarishi uliojaa mshono wa vitanzi, kitanzi kinazaa kitanzi, kama mtu aliyechorachora na kalamu bila kuiinua.

"Vitanzi hivi unaviweza?"

"Hivi?" Fundi Sare alicheka kidogo. "Hivi nashona huku naongea na simu."

Uongo mtupu. Maishani mwake alikuwa hajawahi kushona hata kitanzi kimoja. Kazi ya sare ni kunyoosha: meno ya mashine yanavuta kitambaa, wewe unakifuata. Vitanzi ni kinyume chake. Unayashusha meno, unafunga mguu mwingine usiokibana kitambaa, kisha unakisukuma kwa viganja vyako upendavyo, na sindano inashona popote ulipokipeleka. Hakuna wa kukuvuta wala wa kukulaumu ila mikono yako. Alijua hivyo kwa kusikia tu. Namba ya simu akatoa, mfuko akapokea, akaondoka kifua mbele, na aibu ilimkamata alipofika kwenye kona.

Kijana alikuwa fundi wa lifti kwenye majengo marefu ya mjini. Kwa hiyo Fundi akamwita Lifti, na simu zikaanza.

"Fundi wangu, vitanzi vinaendeleaje?"

"Vinazunguka. Wewe leo umepandisha wangapi?"

"Wengi. Ila moyo wangu umekwama ghorofa ya pili tangu juzi, na fundi wake hapokei simu."

"Si ubonyeze kengele."

"Ndiyo hii naibonyeza, mpenzi."

Hilo neno "mpenzi" lilimtoka kijana bila kupangwa, na kila mmoja akatabasamu peke yake upande wake wa laini.

Huku nyuma Fundi Sare alikuwa anahangaika. Kila siku akifunga kazi za sare, alitandika vipande vya shuka kuukuu, akaweka pamba katikati, akafuata mafunzo kwenye simu. Vitanzi vyake vya kwanza vilitoka kama viazi. Vya pili vilikuwa na pembe. Jirani yake, shoga yake wa siku nyingi aliyeuza vifungo na zipu kibanda cha pili, alikuja akatazama, akashika kiuno.

"Mbona vyote vinaelekea kulia?"

"Kushoto mkono hautaki."

"Mwambie ukweli huyo mwanaume, shoga. Mwambie unajifunza."

"Nitamwambia nikishajua."

Wiki ya tatu vitanzi vilianza kueleweka. Vilikuwa vikubwa, vya mtu anayeanza, lakini viligeuka huku na huku. Akaona ameiva. Akaunganisha vipande kumi na tano, akatandika bitana chini na pamba katikati. Kazi hii huanzia katikati, na katikati Baba wa Lifti alikuwa ameagiza gauni moja tu: la buluu lenye maua madogo meupe, ambalo marehemu alilivaa miaka na miaka mpaka likawa laini na jembamba kabisa.

Lifti akapiga simu. Fundi akaweka sauti ya nje, simu juu ya meza, akakanyaga mashine.

"Ni nini hicho kinachonguruma?"

"Vitanzi vya mama yako, mpenzi. Si nilikwambia nashona huku naongea?"

Alikuwa anajionyesha, sitamficha. Juu vitanzi vilijipanga vizuri kuliko siku zote. Lakini mguu ule wa vitanzi huelea juu ya kitambaa, hata ukiushusha unaona uwazi, na Fundi, kwa maneno matamu sikioni, alikuwa hajaushusha. Uzi wa juu haukuwa na kinachoukaza. Chini, mahali asipopaona, ulijikusanya fundo juu ya fundo kama nywele zisizochanwa. Mashine ilipogoma akaaga harakaharaka, akavuta mfarishi. Ukakatalia. Akavuta tena kwa nguvu, na gauni la buluu likachanika upana wa kiganja.

Alikaa chini sakafuni na kulia. Hadi hapo kosa lake lilikuwa la mwanafunzi yeyote, na angeweza kupiga simu akaeleza. Hakupiga. Aliogopa kusikia sauti ile ikibadilika. Akakitoa kipande chote kama kilivyo, na mafundo ya nyuzi zake, akakitia kwenye droo. Akazunguka maduka mpaka akapata kitambaa cha buluu chenye maua meupe yanayokaribia yale. Akakifua mara tatu, akakianika juani kipauke. Akakiweka katikati, akamaliza kazi, na Lifti alipouona mfarishi alimkumbatia mlangoni pa kibanda chake mbele ya wateja.

"Jumapili unakuja nyumbani," alisema. "Baba anataka kukuona wewe uliyemrudishia mama."

Akaenda, na gauni jeupe, na viatu vya kisigino alivyoazima kwa shoga yake. Nyumba ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya kwanza, safi, saa ya ukutani imesimama. Baba, mzee mkavu aliyestaafu kazi ya kupeleka barua, alikaa kwenye kiti cha mikono, mfarishi magotini.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa karibu." Kidole chake kilikuwa kinazunguka juu ya kile kipande cha katikati. "Hili gauni alilivaa siku huyu," akamwonyesha Lifti kwa kidevu, "anaanza shule. Alilia njia nzima, mama, si mtoto. Nikilala naweka shavu hapa."

Kisha akainama, akakibusu.

Fundi Sare aliona joto linampanda toka miguuni mpaka kwenye nywele. Akaweka chini kikombe cha chai. Alitamani ardhi ipasuke, wala si kwa mzaha. Akainuka, akasema kichwa kinamuuma, akatoka bila kuaga vizuri, na kwenye ngazi akavua viatu akakimbia peku.

Lifti alipiga simu siku hiyo mara sita. Haikupokelewa. Akaandika: "Nimekukosea nini?" Halafu: "Baba anauliza kama alisema neno baya." Kesho yake na keshokutwa yake kimya. Kijana akaanza kujijibu mwenyewe. Ameona vyumba viwili. Ameona saa mbovu. Ameona mzee wa kuhudumia. Maskini, naye akaingiwa na aibu, aibu ya kwao, na akajichukia kwa kuiona.

Siku ya tano alimfuata kazini mchana. Shoga wa vifungo alimwona, akajifanya anahesabu zipu.

"Kama kwetu ni padogo kwako, ungesema," Lifti alianza, bila salamu. "Mimi ningeelewa. Lakini mzee wangu hakustahili kuachwa na kikombe mkononi."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi? Una mtu?"

"Sina mtu. Nina hiki."

Akavuta droo, akaweka kile kipande juu ya meza. Kijana alikitazama, akakigeuza, akaona yale mafundo ya nyuzi upande wa chini. Akaona mpasuko.

"Sasa kile cha kwenye mfarishi ni nini?"

"Cha dukani. Nilikifua kipauke."

"Ulikaa pale. Alikibusu, na wewe umekaa pale."

"Nilikaa."

"Ungenipigia simu ukasema limechanika, ningekuja nikakufuta machozi. Nguo huchanika." Akakirudisha kipande mezani. "Ila ulimwacha baba yangu alalie kitambaa cha watu."

Fundi alisimama mikono imeshuka, machozi yanamdondokea kwenye futi ya shingoni.

"Mimi simwambii," Lifti alisema akiwa mlangoni. "Utamwambia wewe."

Kesho yake asubuhi Fundi Sare alibeba mashine yake ndogo, akapanda ngazi zile. Lifti alifungua mlango, akasogea pembeni bila kumshika mkono. Baba alikuwa palepale, mfarishi magotini, lakini uso ulikunjuka alipomwona.

"Kichwa kimepona?"

"Kichwa hakikuniuma, baba. Nilikimbia." Akapiga magoti, akaweka kile kipande kwenye mapaja ya mzee. "Gauni la mama ni hili. Nililichana mimi; nilisahau kushusha mguu wa mashine. Hicho unacholalia nilikinunua. Nikakudanganya, na nikamdanganya na mwanao, maana nilishasema naweza kazi ambayo sikuiweza."

Mzee alishika kile kipande kwa mkono mmoja, na cha uongo kwa mkono wa pili, akavisugua kwa vidole. Akakipeleka kile kilichochanika puani.

"Nilidhani harufu imeisha," alisema mwishowe. "Kila siku nainusa, najiambia nimeshaanza kumsahau. Nikajiona mtu mbaya. Kumbe nainusa nguo ya duka."

Hakuna tusi ambalo lingemwingia Fundi kama maneno hayo. Aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa mkono wa kiti. Lifti, pale dirishani, aligeukia nje, mabega yakimtikisika.

"Inuka," Baba alisema. "Umebeba mashine ya nini?"

"Nilitaka, kama utaniruhusu, nilirudishe mahali pake."

"Rudisha. Hapa hapa. Nione."

Akafumua cha uongo mbele yao. Akaweka kiraka cha pamba laini chini ya mpasuko, akalitandika gauni katikati, akalibana na pini. Mashine ikawekwa mezani, kati ya vikombe. Akayashusha meno. Baba akavuta kiti mpaka kiwiko chake kikagusana na cha Fundi.

"Mguu umeshusha?" Lifti aliuliza. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia siku hiyo.

"Nimeshusha."

"Hakikisha."

Akahakikisha. Akaanza. Vitanzi vilitoka vibaya kuliko vya wiki ya kwanza: kimoja kikubwa, kimoja chembamba, kingine kikagongana na mwenzake. Kila baada ya vitanzi vitatu alisimama, akageuza chini, akawaonyesha. Pakawa safi. Akaendelea. Alikuwa anashona kama mtoto mbele ya mwalimu mkali, jasho linamtiririka mgongoni, na hakuna mtu aliyemwambia inatosha. Mpasuko ulifunikwa polepole, lakini ukiutazama kwa karibu uliuona.

"Hiki kibaya," Baba alisema, kidole juu ya kitanzi kilichogongana.

"Ndiyo, baba. Nikifumue?"

"Kiache. Nijue ni wewe." Akaukunja mfarishi, akauweka magotini. "Sijakusamehe."

"Najua, baba."

"Pindo la upande huu limelegea. Kesho uje ulikaze. Na keshokutwa ile saa ukutani inataka mtu wa kuipeleka kwa fundi, huyu mwanangu hana muda."

"Nitakuja."

Lifti alimbebea mashine kushuka ngazi. Walifika chini kabisa, penye mlango wa barabarani, watu wanapita na mizigo yao. Hakumpa mashine. Aliishikilia kifuani kwa mikono miwili.

"Nimekukasirikia sana," alisema.

"Najua."

"Na bado sijamaliza. Labda itachukua miezi." Akamsogelea. "Nimefikiria tangu jana. Sitaki kukukasirikia nikiwa mbali. Nataka nikukasirikie nikiwa mume wako, mpaka hasira ziishe. Utanikubali?"

Fundi Sare alifunika uso kwa viganja. Mama mmoja aliyekuwa anapita akapunguza mwendo kusikiliza.

"Ngoja kwanza nikwambie yote," alisema ndani ya viganja. "Siku ile dukani sikujua vitanzi hata kimoja. Nilisema najua ili usiondoke."

"Hilo nimeliona leo."

"Umri niliokutajia, ongeza miaka miwili."

"Mh. Haya."

"Na viatu vya Jumapili havikuwa vyangu."

Kijana aliuma midomo, akashindwa, akacheka mpaka mashine ikamtetemeka mikononi. Fundi akaondoa viganja. Uso ulikuwa umemwiva, umelowa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuuficha.

"Nakukubali," alisema. "Na hilo nalo ni kweli."