Sufuria Nyeupe ya Mama Kioo

Mtaani walimwita Mama Kioo, maana vyombo vyake vilimeta hata ukaweza kujitazama. Sufuria kubwa ya shaba aliyopewa na mama mkwe aliisugua ndani kwa mchanga kila siku. Weupe wa ndani ulipotoka na wekundu ukatokeza, alifurahi kupita kiasi.

Wifi yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na Mama Kioo ndiye aliyeomba kupika. Alhamisi akapika mchuzi wa nyanya wa kuonjwa, akaulaza humohumo sufuriani. Asubuhi walipoula, nyumba nzima ilitapika.

"Wifi, wageni wangu unawatakia nini?" bibi harusi alifoka, kashika tumbo. "Namwita mpishi mwingine!"

"Nipe mpaka jioni," Mama Kioo alisema, machozi yakimlengalenga.

Nyanya zilikuwa nzima, akaishuku sufuria. Akajitwika mpaka kwa jirani, fundi wa vyombo. Fundi alichungulia ndani, akaguna.

"Dada, nani kaivua nguo sufuria hii?"

"Kuivua nguo? Nimeisafisha!"

"Umekwangua bati. Ule weupe haukuwa uchafu. Bati hupakwa ndani ili chakula kisiguse shaba. Nyanya na ndimu, vitu vichachu, hula shaba. Shaba ikizidi tumboni, mnatapika."

"Bati hili la paa?"

"Hilo la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Hili ni madini mengine, laini. Ndilo hupakwa ndani ya makopo ya chakula. Hata waya wa fundi redio wa kulehemu una bati."

Aliisafisha sufuria, akaipasha moto, akagusisha kipande cha bati. Kikayeyuka kama siagi. Akakisambaza upesi kwa pamba aliyoishika kwa koleo. Wekundu ukapotea wote.

"Sasa sikia. Mchanga na steli waya, marufuku. Usiiinjike tupu, bati litayeyuka. Pakulia mwiko wa mti. Wekundu ukitokeza tena, nirudie."

Jioni Mama Kioo alipika upya, akala wa kwanza mbele ya wifi yake.

"Nikianguka, mwite mpishi wako!"

Hakuanguka. Alfajiri aliamka mzima, kesi ikaisha.

Jumamosi wageni walikula wakaomba tena. Hakuna aliyelalamikia tumbo, ila waliovimbiwa. Mama Kioo alipoingia jikoni, alimkuta bibi harusi na gauni lake jeupe, kainamia sufuria, anakwangua ukoko kwa kijiko cha chuma.

"Wewe! Weka chini!"

"Wifi, umebaki kidogo tu!"

"Kula wote, mama," Mama Kioo alicheka, akimpa mwiko. "Lakini kwa mti!"